Barua Zenu: Ukiugua Baharini, Mwambie Nani na Nani Atalipa?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zimekuja nyingi za jambo moja, meli za kitalii. Nimefurahi kwa kweli, manake hili nalijua pande zote mbili. Mi ni nesi kwa kazi, naishi Southampton ambako ukifungua pazia asubuhi unaona bomba la meli kabla hujaliona jua, alafu na mimi mwenyewe nishawahi kufungiwa kabini, ntawaeleza huko chini. Nimechagua barua tano. Nyingi zinafanana, kwa hiyo ukisoma jibu la mwenzio huenda na lako limo humo humo.

Shikamoo dada. Niko Leicester. Mwaka huu tumekubaliana ndugu watatu tuchange tumpeleke mama kwenye meli ya Mediterania siku kumi, Barcelona mpaka Ugiriki. Mama ana miaka 71, anaishi na mimi hapa, ana presha na sukari, na mwaka jana alilazwa siku mbili moyo ukimwenda mbio. Kuna rafiki yangu anasema ile kadi ya afya ya bure ya Ulaya inatosha. Bima nilizoangalia, ukiandika magonjwa yote bei inapanda mara tatu, na mama mwenyewe anasema akiulizwa atajibu yeye mzima kabisa. Je nikikaa kimya tu? – Kitinda mimba, Leicester

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kumkumbuka mama.

Naanza na kadi. Ile kadi ya bure, GHIC, ni nzuri lakini ni ya hospitali za serikali huko nchi kavu, na NHS wenyewe, yaani huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza, wanasema wazi kwamba kwenye meli za kitalii haifanyi kazi. Daktari wa meli ni wa kulipia, hata kama meli haijatoka kwenye maji ya Uingereza. Unafika kliniki, wanakupima, wanaskani ile kadi yako ya kufungulia mlango wa kabini, basi kuanzia hapo kila dripu, kila kipimo cha damu, kila kidonge kinaingia kwenye akaunti yenu na safari ikiisha hela inakatwa benki. Unalipa wewe kwanza, bima inakurudishia baadaye ukiwa na risiti mkononi. Kadi ibebe tu, manake mama akishushwa kwenye hospitali ya serikali Hispania au Ugiriki itasaidia, ila usiihesabu kuwa ni bima.

Sasa hilo la kukaa kimya. Mdogo wangu nakuomba usithubutu. Hapa Uingereza kuna sheria ya mwaka 2012 ya bima za watu binafsi, kampuni ikikuuliza swali unatakiwa ujibu kwa uangalifu bila kupotosha, na ukidanganya kwa makusudi wana haki ya kuufuta mkataba mzima na kukataa kila dai, sio dai la moyo peke yake. Yaani hata mama akiteleza bafuni akavunjika nyonga, kitu ambacho hakina uhusiano na moyo wala sukari, wakikuta mlificha wanaweza kukataa na hilo. Na watakuta. Dai likiwa kubwa wanaomba faili lake kwa GP, yule daktari wake wa mtaani, na zile siku mbili alizolazwa zimo mle na tarehe zake. Kumtoa mgonjwa melini kwa helikopta, hospitali ya ugenini, alafu kumrudisha nyumbani kwa ndege akiwa na nesi pembeni, hiyo inafika makumi ya maelfu ya pauni. Bei iliyopanda mara tatu mnaweza kugawana ndugu watatu, hiyo nyingine mtauza nini?

Mi ningefanya hivi. Kaa na mama mezani, mwage dawa zake zote hapo, andika jina la kila dawa na dozi yake, tarehe aliyolazwa, mara ya mwisho kupimwa sukari, alafu piga simu badala ya kujaza kwenye mtandao, manake kwenye simu mtu anakuuliza swali moja moja na wanakuwa wameirekodi. Kampuni za kawaida zikikataa au zikitaja bei ya ajabu, ingia tovuti ya MoneyHelper, wana orodha ya kampuni za bima zinazochukua watu wenye maradhi makubwa. Hakikisha mkataba umeandikwa kabisa kwamba unahusu safari ya meli, manake zipo bima za mwaka mzima ambazo meli haimo mpaka uongeze. Na soma masharti ya meli yenyewe, zipo kampuni zinazoondoka hapa kwetu zinataka bima ya matibabu isiyopungua pauni milioni 2. Inunue siku ile ile unayolipa arubuni, usingoje wiki ya safari, kwa sababu mama akiugua kabla ya kuondoka ndo bima itakayorudisha hela za tiketi. Na ukishanunua, akibadilishiwa dawa, hata ikiwa ni kuongezwa dozi tu, piga simu tena uwaambie. Hapo ndo wengi wanapoponzeka, walisema ukweli mwezi wa pili wakasahau kusema wa mwezi wa sita.

Dawa zake zikae kwenye mkoba wenu wa mkononi. Masanduku yanachukuliwa gatini na wabeba mizigo na yanaweza kufika kabini jioni, sasa mama wa sukari hawezi kungoja mpaka jioni. Chukua za siku kadhaa za ziada.

Na mpe mama salamu zangu. Mwambie akiulizwa habari za moyo wake hakuna anayemwona mzee wala mgonjwa, wanataka kujua tu wamwandalie nini. Wazazi wetu wamekulia kwenye kuficha maradhi, ukimwambia kwa upole atakuelewa.

Assalam alaykum dada yangu. Sisi tupo Muscat, asili yetu Unguja. Mume wangu kakata tiketi za meli inayotoka Dubai, inapita Doha na Abu Dhabi na inakuja mpaka hapa kwetu, wiki nzima, na watoto wanne, mdogo ana miaka miwili. Mie nna khofu. Mtoto akitapika, na wangu wanatapika hata kwa gari, ndo tutafungiwa sote? Nakumbuka ile meli ya Japani walivyokaa ndani. Wifi yangu kanambia nisiseme kitu, nimpe dawa kimya kimya na mambo yatapita. – Mama wa wanne, Muscat

Waalaykum salaam dada, pole na khofu, nakuelewa sana.

Kwanza tuyatenganishe. Mtoto katapika mara moja meli ikiyumba, baada ya nusu saa anataka chipsi, hiyo ni bahari tu. Kinachowatia watu wa meli wasiwasi ni norovirusi, kutapika na kuharisha kunakoanza ghafla, saa 12 mpaka 48 tangu kukipata kile kidudu, kunakaa siku moja mpaka tatu na mtu anapona. Mtu mzima mwenye afya yake ni mateso tu, ila mtoto mdogo na mzee wanaishiwa maji mwilini upesi, kwa hiyo paketi za maji ya chumvi na sukari tia kwenye mkoba kabla hujatia nguo. Kidudu chenyewe kinaambukiza vibaya mno, chembe zisizofika 100 zinatosha kumlaza mtu. Na hapa nisikilize, zile sanitaiza za alkoholi zinazowekwa mlangoni mwa bufee haziwezi kukiua vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kila mtoto, kila kabla ya kula na kila akitoka chooni. Wafundishe kuanzia sasa wakiwa nyumbani.

Je mtafungiwa sote? Kwa kawaida anayebaki kabini ni mgonjwa, mpaka zipite saa 24 au 48 tangu dalili ya mwisho, kila kampuni ina hesabu yake. Mtoto wa miaka miwili hawezi kubaki peke yake kwa hiyo mzazi mmoja anabaki naye. Wasio na dalili mara nyingi wanaachiwa watembee, ila mkiwa mmelala chumba kimoja daktari anaweza kuwaambia mngoje kidogo. Kwa ajili hiyo, hela ikiruhusu, ombeni vyumba viwili vyenye mlango wa katikati. Akiugua mmoja, baba anahamia chumba cha pili na wazima na nyinyi wawili mnabaki huku, na bado mnasikiana.

Sasa la wifi yako. Nakwambia kwa mapenzi, usimsikilize, manake mimi nilifanya hivyo hivyo.

Tulikwenda Norway mimi na mume wangu, kuangalia zile fiyodi, mikono ya bahari inayoingia katikati ya milima. Usiku wa tatu tumbo likaanza kunguruma, saa nane za usiku nikatapika, nikatapika tena, nikajiambia ni yule samaki wa jioni. Nesi mzima! Asubuhi tulikuwa na boti ya kwenda kuona maporomoko, tumeshalipa, nikameza vidonge vya kufunga tumbo, nikapiga mswaki, nikashuka bufee nikachukua mkate mkavu kwa lile koleo ambalo kila mtu analishika. Nikashika reli ya ngazi. Nikabonyeza lifti. Boti yenyewe sikufika, nilirudi kutoka gatini nimeshikwa mkono. Jioni ndo nikapiga simu kliniki, akaja kijana wa kike amevaa glavu na barakoa, mpole sana, akaniuliza imeanza lini, nikasema mchana. Nilidanganya tena. Nikakaa siku mbili kwenye chumba kisicho na dirisha, chakula kinawekwa nje ya mlango kwenye sahani za karatasi, wali mweupe na juisi ya tofaa, wanagonga na kuondoka, nikifungua naona korido tupu na mtu mmoja mbali anapangusa reli kwa dawa. Siku iliyofuata mama mmoja mtu mzima wa meza yetu ya chakula akaugua, yeye wakamtundikia dripu. Siwezi kuthibitisha kwamba alilipata kwangu, lakini mkono wangu ulipopita napajua.

Na bima? Bima yangu ilikuwa na kipengele cha kufungiwa kabini, wanakulipa kiasi fulani kwa kila saa 24 ambazo daktari wa meli ameamuru ubaki ndani. Wakaniomba barua ya daktari yenye tarehe na saa. Barua ikaonyesha saa ile niliyoisema mimi, kwa hiyo siku ya kwanza niliyougua ikawa haipo, na ile boti niliyoilipia wakasema siku hiyo asubuhi hukuwa mgonjwa kwa mujibu wa daktari. Walikuwa sahihi. Basi dada, ukisema mapema unapata vitu viwili kwa pamoja, mwanao anatibiwa kabla hajakauka na unapata karatasi. Bila ile karatasi ya daktari wa meli hujaugua, hata kama umetapika matumbo. Iombe kabla hujashuka, iwe na jina la kila aliyefungiwa, saa ya kuingia na saa ya kuachiwa.

Ile meli ya Japani, Diamond Princess, ilikuwa jambo lingine kabisa. Februari 2020, korona ndo inaanza, hakuna aliyekuwa anaijua vizuri, watu 3,711 wakazuiwa Yokohama, abiria wakaambiwa wakae vyumbani siku 14, na mpaka mwisho waliougua walifika 712. Waliokuwa vyumba visivyo na dirisha walitolewa kwa zamu kutembea juu kidogo. Siwezi kukuahidi kwamba jambo kama lile halitatokea tena, lakini la kawaida melini ni tumbo, na la tumbo linaisha kwa siku mbili tatu. Hata lenyewe lakini linaweza kuisimamisha meli nzima, huku huku kwenye bahari yetu ya Hindi. Februari 2024 Norwegian Dawn ilitoka Cape Town, watu kama 15 wakatengwa kwa matatizo ya tumbo, Mauritius wakaogopa kipindupindu wakaikatalia kufunga gati Port Louis mpaka vipimo vitoke. Vikatoka, kipindupindu hakuna, abiria wakashuka, ila kwa kuchelewa siku mbili. Hebu fikiria waliokuwa na ndege ya kurudi kwao siku ile ile. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya saa chache baada ya meli kufika, na uliza bima yenu inasemaje meli ikichelewa kufunga gati kwa amri ya serikali.

Na wewe ni wa Unguja, Changuu unaijua. Watalii wanaambiwa kisiwa cha jela, lakini ile jela iliyojengwa miaka ya 1890 haikuwahi kufanya kazi ya jela, pakageuzwa mahali pa kuwatenga abiria wa meli kuhofia homa ya manjano. Wazee wetu wameishi na karantini mbele ya macho yao, Forodhani pale ukisimama unakiona kisiwa. Neno lenyewe karantini limetoka kwa watu wa Venice, kwa lugha yao ni siku arobaini, meli inangoja nje siku arobaini kwanza. Sisi tunaijua arobaini, mama akijifungua anakaa ndani, watu wanamletea uji, haoni kwamba amefungwa. Watoto wako waelezee kwa namna hiyo ikitokea, uwachukulie na kalamu za rangi na karata.

Dada mambo, niko Houston. Tunapanda meli Galveston kwenda Cozumel na visiwa, siku 7. Mke wangu ni mjamzito, siku ya kupanda atakuwa na wiki 22 na siku 4. Baba mkwe ana miaka 68 ana Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya wazee, anasema yeye bima ya safari ya nini. Mke wangu na baba mkwe ni raia, mi nina kadi ya kijani ya ukaazi. Tiketi nilinunua miezi mitano iliyopita, bima sijachukua. Niambie ukweli. – Baba mtarajiwa, Texas

Poa kaka, na hongereni. Ukweli ni kwamba mke wako huenda asipandishwe.

Kampuni nyingi za meli hazimchukui mama ambaye ataingia wiki ya 24 wakati wowote wa safari, sio siku ya kupanda tu. Hesabu na mimi, wiki 22 na siku 4, ongeza siku tatu amemaliza wiki 23, siku inayofuata yuko ndani ya wiki ya 24 na nyinyi mko katikati ya bahari. Wanaweza kuomba barua ya daktari yenye tarehe ya kujifungua, na mtu wa kaunta hana uwezo wa kukuhurumia. Piga simu kwenye kampuni leo hii kabla hujafika siku ambayo wakikata hela hawarudishi kitu, omba kubadilisha tarehe au safari fupi zaidi. Bima kununua sasa hivi ili irudishe hela za hilo haitakusaidia, ujauzito wa kawaida unaojulikana tayari na sheria ya meli iliyoandikwa tangu mwanzo si vitu wanavyolipia. Ile bima ya kughairi safari kwa sababu yoyote ile inarudisha asilimia 50 mpaka 75 lakini inataka inunuliwe ndani ya siku chache baada ya malipo ya kwanza, wewe miezi mitano imepita. Pole, najua inauma.

Baba mkwe. Medicare kwenye meli inalipa kwa nadra sana, moja ya masharti ni kwamba meli iwe kwenye bandari ya Marekani au isiwe zaidi ya saa 6 kutoka bandari ya Marekani. Cozumel sio saa 6. Akidondoka huko, daktari wa meli, gari la wagonjwa la Mexico, hospitali inayotaka dhamana ya kadi kabla hawajamgusa, vyote ni vyake. Mchukulie bima yenye matibabu na kusafirishwa mgonjwa, kama ana maradhi ya zamani soma kipengele chake, manake nyingi zinayakubali ukiinunua ndani ya siku 14 mpaka 21 tangu malipo ya kwanza na baada ya hapo hayamo.

La mwisho kwako ni pasipoti. Raia wa Marekani wakitoka na kurudi bandari ile ile wanaruhusiwa kusafiri na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, kwa hiyo wengi wanaacha pasipoti nyumbani. Sasa mtu akishushwa mgonjwa Cozumel meli inaondoka, na ndege ya kurudi Houston inataka pasipoti. Beba yako pamoja na kadi ya kijani, na wao wabebe zao. Na zisikae kwenye kisanduku cha chuma ambacho namba ya siri unaijua wewe peke yako.

Habari yako dada, niko Nairobi. Sisi marafiki sita tunaenda Durban kupanda meli ya siku nne ya Msumbiji. Je kadi ya njano yangu ya 2013 bado ni halali? Pia nilisikia wengine meli iliruka kisiwa wakakosa pesa yao. Thanks. – Chama cha wasichana sita

Habari nzuri wadogo zangu. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ni halali maisha yako yote, tangu Julai 11, 2016 Shirika la Afya Duniani liliondoa ile habari ya miaka 10, hata za zamani zinahesabika hivyo. Kenya iko kwenye nchi zenye hatari ya homa ya manjano kwa hiyo Afrika Kusini wataiomba uwanja wa ndege. Ambaye hajawahi kuchanja achanje angalau siku 10 kabla, manake kabla ya hapo haihesabiki, na msinunue kadi mtaani bila sindano, nawasihi, mnajiweka pabaya nyie na wenzenu.

Kuruka kisiwa, tiketi zenu zimeandika kwamba nahodha anaweza kubadilisha njia, iwe upepo iwe ugonjwa. Mnachorudishiwa kwa kawaida ni ushuru wa bandari ile na matembezi mliyonunua kwa meli yenyewe. Mliyonunua kwa mtu wa pembeni ni kumbembeleza yeye, au bima kama ina kipengele cha kukosa bandari.

Shikamoo. Mimi ni mama wa hapa Kisauni Mombasa. Kijana wangu amepata kazi ya jikoni kwa meli ya watalii, huu ni mwezi wa nne. Juzi amenipigia usiku analia, ameharisha, wamemtoa kazini wamemfungia chumba na anaambiwa na wenzake hizo siku hatalipwa na akirudia atarudishwa nyumbani na nauli ni yake. Anataka kuwaambia amepona ili arudi kazini. Tulikopa ili aende. Nifanyeje? – Mama yake

Marahaba mama, ingawa huenda mi ndo wa kukuamkia, basi shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pole sana, na hongera kwa kumlea kijana anayekupigia simu.

Mama, wenzake wamemdanganya, labda kwa kutojua. Kuna mkataba wa dunia wa mabaharia wa mwaka 2006, MLC, na Kenya iliukubali mwaka 2014. Baharia akiugua akiwa kwenye mkataba, matibabu, dawa, chakula na malazi ni juu ya mwenye meli. Mshahara wake unaendelea kamili akiwa bado melini au mpaka arudishwe nyumbani, na baada ya hapo pia bado wana wajibu kwake kwa muda, sheria za nchi zinaweza kuweka kikomo lakini kisipungue wiki 16 tangu siku ya kuugua. Na akirudishwa kwa ajili ya ugonjwa, nauli ni yao. Kinachoweza kupungua ni zile bakshishi za abiria kwa wanaopata, lakini mshahara ulioandikwa kwenye mkataba wake hawana ruhusa kuukata kwa sababu ameharisha.

Kuhusu kusema amepona, mwambie mama, na umwambie kwa sauti yako mwenyewe, asithubutu. Mtu wa jikoni kwenye meli zinazoingia Marekani hatakiwi kugusa chakula mpaka zipite saa 48 bila dalili yoyote. Wa idara nyingine ni saa 24, wa jikoni ni mara mbili yake kwa sababu mkono wake unaingia kwenye sufuria ya watu elfu tatu. Meli ikiwa na abiria 3,000, wakiugua 90 tu, yaani asilimia 3, Marekani wanaitangaza hadharani, na hapo watafuatilia jiko lote nani aliumwa lini. Akiwa amesema ukweli, yeye ni mgonjwa aliyefuata amri. Akiwa amedanganya, hapo kweli ndo wanapata sababu ya kumfukuza. Kufungiwa kule si adhabu, ingawa najua usiku, peke yako, mbali na kwenu, inafanana nayo. Mimi nililia na nilikuwa na mume wangu mlango wa pili.

Kwa hiyo afanye haya. Ile karatasi ya kliniki yenye tarehe aliyoripoti aipige picha. Mkataba wake wa kazi, kila ukurasa, aupige picha. Orodha ya mshahara wa mwezi ikija alinganishe, siku zikiwa zimekatwa aende kwa mkuu wake na aandike malalamiko, kila meli lazima iwe na utaratibu wa malalamiko ya ndani na hawaruhusiwi kumwadhibu kwa kuutumia. Wasipomsikiliza, wewe uko Mombasa mama, una bahati kuliko wengi, Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, makao yake makuu yako hapo hapo mjini, na shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, mabaharia wakiwemo, ITF, lina mkaguzi wake hapo. Nenda na zile picha zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, usiende na maneno matupu.

Leo usiku akipiga, muulize kwanza anakunywa maji kiasi gani na mkojo wake una rangi gani. Ukiwa mweusi kama chai apige simu kliniki saa ile ile asingoje asubuhi. Alafu ndo umuulize habari za picha.